MAISHA YA WILLIAM HERSCHEL, MPIGA KINANDA ALIYEPIMA MWANGA USIOONEKANA



Katika gazeti letu la safari hii tunawaletea maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake tunalisikia dakika mbili tu katika somo la fizika, kisha linapita. Ni William Herschel. Wengi wanajua kwamba alivumbula sayari iitwayo Uranus. Wachache wanajua kwamba ni yeye pia aliyevumbula ule mwanga ambao macho hayauoni, unaoitwa infraruji. Mwanga huo unatoka katika telekomande ya televisheni kila siku tunapoibonyeza. Tena ndio mwanga ambao wenzetu wa kundi la elektroniki wanahangaika nao tangu mwanzo wa mwaka, ili ile droni yao ya helisi nne iweze kuifuata taa ndogo iliyowekwa chini uwanjani.

Njo maana tumemchagua mtu huyu. Herschel hakusoma chuo kikuu. Vyombo alivyovitaka vilikuwa vya bei kali, naye hakuwa na makuta ya kuvinunua. Akavitengeneza nyumbani kwake, kwa mikono yake.

1. Mtoto wa askari wa fanfari

Herschel alizaliwa tarehe 15 Novemba 1738 katika mji wa Hanover, ambao leo uko Ujerumani. Baba yake, Isaac, alikuwa askari wa fanfari. Alipiga oboa, aina ya filimbi ndefu ya mbao. Nyumbani walizaliwa watoto 10, wakakua 6. Mali haikuwepo, lakini baba alipenda kuzungumza na watoto wake juu ya muziki na juu ya nyota. William alipofika miaka 14 akaingizwa naye katika fanfari ya jeshi, apige oboa na violoni.

Mwaka 1757 vita vikawa vikali. Mwezi wa Julai jeshi la Hanover na wenzake lilishindwa na Wafaransa karibu na kijiji cha Hastenbeck. Wazazi wakaona afadhali kijana aondoke. Mwisho wa mwaka ule akavuka bahari kwenda Uingereza pamoja na kaka yake Jacob. Alikuwa na miaka 19, umri wa wengi wetu wa mwaka wa mwisho. Kule London hakuwa na ndugu wala kazi. Alipata chakula kwa kunakili nota za muziki, karatasi kwa karatasi.

Kidogo kidogo akapanda. Alifundisha fanfari ya askari kaskazini ya nchi, akatunga muziki, akafundisha watoto wa matajiri. Mwaka 1766 kanisa la mji wa Halifax lilitafuta mpiga kinanda, na watu wengi wakaja kushindana. Inasimuliwa kwamba Herschel alipopiga, sauti ilijaa kanisa lote mpaka watu wakashangaa anazo mikono mingapi. Kisha akaonyesha siri: vipande viwili vya madini ya risasi, alivyoviweka juu ya vibonyezo viwili ili sauti hizo zikae bila kukatika, na vidole vyake vikabaki huru kupiga zile nyingine. Akapewa kazi. Wanakwaya wetu wacheke wanavyopenda, lakini hapo mayele yake yanaonekana tayari: mtu akikosa mikono, atafute namna.

Hakukaa Halifax. Mwisho wa mwaka ule ule aliitwa na kanisa jipya la mji wa Bath, lililoitwa Octagon Chapel. Jumapili alipiga kinanda. Siku nyingine alifundisha, wakati mwingine masomo zaidi ya 30 kwa juma moja. Hapo maisha yangeweza kutulia, naye angekufa mwanamuziki wa heshima asiyekumbukwa na mtu.

2. Caroline, dada yake

Hatuwezi kusimulia maisha ya Herschel pasipo kumtaja dada yake Caroline, aliyezaliwa tarehe 16 Machi 1750. Alipokuwa na miaka 10 alishikwa na homa kali ya tifusi, na baada ya hapo hakurefuka tena; alibaki na urefu wa karibu mita 1 na santimeta 30. Mama yake aliona kwamba msichana wa namna hii hataolewa, basi abaki nyumbani kufua na kupika. Hakutaka asome. Mwaka 1772 William alirudi Hanover akamchukua. Ili mama akubali, ilimpasa kumwahidi makuta ya kila mwaka ya kulipa mtumishi fasi ya Caroline.

Kule Bath Caroline alijifunza kiingereza, hesabu na kuimba, akawa mwimbaji mzuri. Ndugu yake alipogeukia nyota, naye akageuka. Usiku baada ya usiku alikaa na saa na karatasi, akiandika yale William aliyoyaona, na mchana alifanya hesabu zake zote. Kisha akaanza kutazama mwenyewe. Kuanzia 1786 mpaka 1797 alivumbula nyota 8 zenye mkia. Mwaka 1787 mfalme wa Uingereza alianza kumlipa pauni 50 kwa mwaka juu ya kazi hiyo. Wadada wa shule yetu wasikie vizuri: yule aliyekusudiwa kuwa mtumishi wa jikoni alikuwa mwanamke wa kwanza katika Uingereza kulipwa mshahara kwa kazi ya elimu ya nyota.

3. Kioo cha shaba

Mambo ya nyota yalianza namna gani? Yalianza kwa muziki. Herschel alisoma kitabu cha hesabu za sauti cha Mwingereza Robert Smith. Alipokipenda, akatafuta kitabu kingine cha mtu huyo, na hicho kilikuwa juu ya mwanga na vioo. Mwaka 1773 akanunua pia kitabu cha elimu ya nyota cha James Ferguson. Tangu hapo hakulala vizuri.

Akakodi darubini ndogo ya kioo. Ilimwonyesha kidogo tu. Akauliza bei ya kioo kikubwa, na bei ikamshinda. Wengi wetu hapo tungesema basi, tungoje wafadhili. Yeye akaenda kwa mtu mmoja wa Bath aliyekuwa ameacha kazi ya kusugua vioo, akanunua vyombo vyake vya zamani, akaomba aonyeshwe namna ya kuanza.

Hapa sisi watu wa Katanga tusimame kidogo. Kioo cha darubini wakati ule hakikuwa cha bilauri. Kilikuwa cha madini: karibu sehemu mbili za shaba kwa sehemu moja ya bati, zikiyeyushwa pamoja. Mchanganyiko huo ni mweupe, unang'aa sana ukisuguliwa, lakini unavunjika upesi kama sahani. Shaba ni madini ya hapa Lubumbashi, na bati ni madini ya Manono. Wazee wetu walioitwa wakula-shaba walijenga tanuru zao kwa udongo wa kichuguu, wakachoma mawe ya kijani kwa makaa ya miti, wakamimina misalaba iliyotumika kama makuta na kwa mahari. Herschel alifanya kazi ya ndugu zao bila kuwajua. Kalibu zake alizifinyanga kwa udongo uliochanganywa na mavi ya farasi, na Caroline alitwanga na kuchekecha udongo ule kwa saa nyingi.

Kazi haikuwa rahisi. Mwezi wa Agosti 1781 alitaka kumimina kioo kikubwa cha upana wa santimeta 90 hivi katika chumba cha chini cha nyumba yake. Mara ya kwanza kilipasuka kikipoa. Mara ya pili madini ya moto yalivuja yakatiririka sakafuni, mawe ya sakafu yakaanza kulipuka na kuruka mpaka darini, na William na wasaidizi wake wakakimbilia milangoni. Hakuna aliyekufa, lakini kioo hakikupatikana.

Kusugua nako kulikuwa kazi ya subira. Kioo cha darubini lazima kiwe na bonde la namna moja tu, na kosa dogo kuliko unene wa unywele linaharibu picha ya nyota. Herschel aliona kwamba mkono ukipumzika katikati ya kazi, umbo linaharibika. Siku moja alisugua saa 16 mfululizo pasipo kuinua mikono, na Caroline akamlisha kipande kwa kipande kama mtoto. Katika maisha yake alitengeneza vioo zaidi ya 400. Vingi havikumpendeza, alivisugua tena au akaviyeyusha.

4. Usiku wa tarehe 13 Machi 1781

Darubini iliyompatia jina haikuwa ile kubwa. Ilikuwa na urefu wa mita 2 hivi, na kioo chake kilikuwa na upana wa santimeta 16 tu. Lakini kioo hicho kilisuguliwa vizuri kuliko vya watu wengi. Katika bustani ya nyuma ya nyumba yake, New King Street nambari 19, alikuwa akipita nyota moja moja, kwa utaratibu, kama mwalimu anayeita majina darasani. Usiku ule aliona moja isiyofanana na wenzake: ilikuwa duara ndogo, si nukta. Alipoirudia baada ya siku chache, imehama.

Yeye mwenyewe alifikiri ni nyota yenye mkia. Wenye hesabu, hasa Anders Lexell, walipoihesabu njia yake, kumbe ni sayari! Tangu zamani za kale watu walijua sayari tano angani kwa macho tu, na hakuna aliyewahi kuongeza nyingine. Mpiga kinanda wa kanisa akaongeza. Katika mwaka ule ule Shirika la Elimu la Kifalme la London lilimpa nishani yake ya Copley na kumfanya mshiriki. Mwaka 1782 Mfalme George III akampa pauni 200 kwa mwaka, akaacha kazi ya muziki, akahamia karibu na mji wa Windsor, na mwishoni Slough. Kule mwaka 1789 alimaliza darubini ya urefu wa mita 12, yenye kioo cha upana wa mita 1 na santimeta 20. Mfalme alilipa kama pauni 4,000 kwa kazi hiyo. Hata hivyo darubini ile kubwa ilikuwa nzito na yenye matata, na kazi nyingi Herschel aliendelea kuzifanya kwa darubini zake ndogo.

5. Joto fasi hakuna mwanga

Sasa tufike kwenye jambo letu. Mwaka 1800 Herschel alikuwa na miaka 61. Alikuwa akilitazama jua kwa darubini, na ili asiharibu macho aliweka vioo vya rangi mbele ya jicho. (Ndugu wadogo, msijaribu. Macho hayanunuliwi sokoni.) Akaona jambo la ajabu: kioo cha rangi moja kilizuia mwanga mwingi, lakini jicho likasikia moto, kioo cha rangi nyingine kilipitisha mwanga, lakini moto ukawa kidogo. Mtu mwingine angechagua kioo kizuri na kuendelea na kazi. Herschel akajiuliza: je, kila rangi ina joto lake?

Akapitisha mwanga wa jua katika prisma, zile rangi za upinde wa mvua zikaanguka mezani. Akachukua vipima-joto vitatu vidogo vyenye vichwa vilivyopakwa weusi. Kimoja alikiweka katika rangi. Viwili aliviweka pembeni, nje ya rangi, vipime joto la chumba peke yake. Akangoja dakika 8. Katika rangi ya zambarau kipima-joto kilipanda daraja 2 za Fahrenheit. Katika kijani, daraja 3 na robo. Katika nyekundu, karibu daraja 7. Kwa vipimo vyetu vya Celsius ni kama 1, karibu 2, na karibu 4.

Joto, basi, lilikuwa linaongezeka kuelekea nyekundu. Hapa akauliza swali ambalo kwa wengine lingeonekana la kichaa: na nyekundu ikiisha? Akasogeza kipima-joto nje ya nyekundu, fasi ambapo meza ni meza tu, hakuna rangi, hakuna mwanga, jicho halioni kitu. Kwa umbali wa santimeta 1 na robo kutoka mwisho wa nyekundu, kikapanda daraja 6 na nusu kwa dakika 10. Akasogeza mbali zaidi: kikapanda bado, ila kidogo. Vile viwili vya pembeni havikufuata.

Wengine husimulia kwamba jambo hili lilikuwa bahati, eti kipima-joto kilisahauliwa nje ya rangi. Haiko vile. Katika maandiko yake ya kwanza ya Machi 1800 alikuwa ameshaandika kwamba nguvu ya joto huenda inazidi mpaka ng'ambo ya nyekundu. Mwezi wa Aprili akaenda kuipima. Alikwenda fasi tupu kwa makusudi, akiwa na kipimo mkononi.

Hakuishia hapo. Alitumia vioo na lenzi, akaona kwamba miale ile isiyoonekana inarudishwa na kioo na kupindwa na lenzi kama mwanga. Akajaribu ya jua, ya mshumaa, ya moto wa jikoni na ya chuma chenye joto.

Lakini tusimfanye malaika. Baada ya kazi yote hiyo alikata shauri kwamba mwanga na joto hilo ni vitu viwili mbalimbali. Hapo alikosea. Walikuja wengine baadaye, kama Macedonio Melloni wa Italia, kuonyesha kwamba miale ile inatenda kama mwanga. Na leo tunafundishwa kwamba ni mwanga kweli, ila mawimbi yake ni marefu kuliko ya nyekundu. Tena Herschel aliamini kwamba ndani ya jua wanakaa viumbe! Vipimo vyake vimebaki, mawazo yake kadhaa yameanguka. Ni vizuri mwanafunzi ajue tofauti ya vitu hivyo viwili. Jina infraruji lenyewe lilikuja miaka mingi baada ya kifo chake. Maana yake ni chini ya nyekundu.

6. Mwanga ule leo, na droni ya wenzetu

Anayetaka kuamini achukue telekomande na telefone. Aelekeze telekomande kwenye kamera ya telefone, abonyeze. Kwa macho hataona kitu. Katika telefone nyingi, hasa kwa kamera ya mbele, ataona taa ndogo inayowaka rangi kama ya zambarau. Ile ni diodi ya infraruji. Mawimbi yake mara nyingi ni ya nanomita 940, na jicho la mtu linaishia karibu na 700.

Katika nchi yetu mwanga huu umekwisha kufanya kazi kubwa. Ndege zisizo na rubani ambazo Umoja wa Mataifa ulianza kuzirusha Goma mwezi wa Desemba 2013 zilikuwa na kamera za infraruji, zinazoona joto la watu na la magari hata usiku. Na katika anga la juu, darubini iliyorushwa tarehe 14 Mei 2009 na shirika la Ulaya iliitwa kwa jina la Herschel. Kioo chake kilikuwa na upana wa mita 3 na nusu, ikatazama infraruji mpaka Aprili 2013.

Lakini turudi kwenye uwanja wetu. Wenzetu wametengeneza wenyewe kisahani cha elektroniki: diodi za infraruji zinawaka chini, na juu ya droni kuna kapta inayozitafuta. Watu wa kazi hii katika nchi nyingine mara nyingi hutoa ile kamera ndogo iliyomo katika fimbo ya mchezo wa Wii, kwa sababu yenyewe inaweza kufuata taa nne za infraruji kwa pamoja na kutoa namba za fasi zilipo. Wetu wamepata kitu cha namna hiyo. Jioni darasani, inashika vizuri kabisa. Mchana uwanjani, inapotea. Droni inageuka huku na huku kama kuku aliyefunguliwa kamba. Basi maneno yameanza. Wengine wanasema vyombo vya sokoni ni vya uongo. Wengine wanasema tuache, tukusanye makuta tununue droni iliyotengenezwa tayari. Wawili wamekwisha kutoka katika kundi.

Mimi nasema tumwulize Herschel. Kwa nini aliweka vile vipima-joto viwili pembeni? Ili ajue chumba chenyewe kina joto gani, asije akahesabu joto la chumba kuwa joto la rangi. Sasa jua la Lubumbashi mchana, karibu nusu ya nguvu yake inatujia kama infraruji. Kapta haidanganyi, wala haikuharibika: inaona kweli infraruji, tena nyingi mno, ya jua lenyewe, na ile ya jua inayorudishwa na mchanga na bati la paa. Taa yetu ndogo imezama humo sawa vile sauti ya mtu mmoja katika soko.

Watu wa telekomande waliona tatizo hili zamani, wakapata dawa. Diodi ya telekomande haiwaki tu: inawaka na kuzimika karibu mara 38,000 kwa sekunde moja, na kapta ya televisheni imetengenezwa isikilize mapigo hayo tu. Jua haliwaki na kuzimika, kwa hiyo inaliacha. Kamera haiwezi kwenda mbio namna hiyo, lakini njia ni ile ile: ipige picha taa ikiwa imezimwa, kisha ipige picha taa ikiwa imewaka, na programu itoe ya kwanza katika ya pili. Kinachobaki ni taa. Picha ya taa iliyozimwa njo kipima-joto cha pembeni. Tena mbele ya kamera iwekwe kichujio kinachopitisha mawimbi ya karibu 940 peke yake, maana hewa yenye mvuke inakula sehemu ya mwanga wa jua katika fasi hiyo, na adui anapungua.

Sisemi kwamba hiyo itatosha. Nasema kwamba kabla ya kuvilaumu vyombo na kabla ya kukusanya makuta, tupime. Saa 2 asubuhi, saa 6, saa 10. Juani na kivulini. Taa imewaka, taa imezimwa. Namba ziandikwe katika kitabu. Droni iliyonunuliwa itaruka siku ya kwanza, hilo ni kweli. Lakini siku itakapoanguka hakuna mwanafunzi hata mmoja atakayejua ni kwa nini.

7. Mwisho wake

Herschel alioa mwaka 1788 mjane aitwaye Mary Pitt, wakamzaa mtoto mmoja, John, aliyekuja kuwa naye mtu mkubwa wa elimu. Mwaka 1816 alipewa heshima ya Sir. Alikufa Slough tarehe 25 Agosti 1822, akiwa na miaka 83, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Laurence huko Upton. Uranus inazunguka jua mara moja kwa miaka 84. Mwenye kuivumbula alikufa akikaribia kutimiza mzunguko mmoja wake. Caroline alirudi Hanover, akaendelea kupanga orodha za nyota za ndugu yake. Mwaka 1828 Shirika la Elimu ya Nyota la London likampa nishani ya dhahabu. Alikufa tarehe 9 Januari 1848, na miaka 97.

Sayari ile ingevumbuliwa na mwingine, leo ao kesho. Kwangu mimi jambo kubwa la maisha yake ni ile hatua ndogo ya kusogeza kipima-joto kutoka kwenye nyekundu mpaka kwenye meza tupu, na vile viwili vya pembeni vikilinda ukweli. Haikumgharimu pauni hata moja. Prisma, sanduku la karatasi, vipima-joto vitatu vilivyopakwa masizi: vitu hivi hata sisi tunaweza kuvipata, na jua la hapa linazidi la Uingereza kwa mbali.

Bwana Prefe amekubali tutumie veranda ya upande wa mashariki. Jumamosi hii saa 3 asubuhi tutafanya kipimo cha Herschel mbele ya wote wanaotaka, wavulana na wasichana, wa daraja lolote. Baada ya hapo kundi la elektroniki litaanza vipimo vya uwanjani. Wale wawili waliotoka wanakaribishwa kushika saa na kuandika namba.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, msimamizi wa wanafunzi